Vitafunio darasani: namna ya kumlinda mtoto mwenye mzio wa chakula

Kabla ya kununua chochote, zungumza na mzazi au mlezi. Andika jina la chakula chenyewe, dalili ambazo zimewahi kumtokea mtoto, dawa aliyoandikiwa na daktari, na namba ya simu inayopokelewa saa za masomo. Ukiambiwa tu kwamba "ana aleji ya maziwa", endelea kuuliza: ni mzio, au ni tumbo lisilosaga laktosi, yaani sukari ya maziwa? Maziwa yaliyoondolewa laktosi yanamfaa huyu wa pili. Wa kwanza yatamdhuru, kwa sababu protini ya maziwa bado imo. Ya mbuzi nayo si mbadala, maana protini zake zinakaribiana mno na za ng'ombe.

Mizio mingi mikali hutokana na maziwa, mayai, karanga, korosho na jamii yake, samaki, kamba na kaa, ngano, soya na ufuta. Lebo haivitaji kila mara kwa majina hayo: kaseini ni maziwa, albumini mara nyingi ni yai, semolina ni ngano, tahini ni ufuta. Soma lebo dukani, soma tena unapoweka kabatini, na mara ya tatu kabla ya kugawa. Biskuti zilezile za mwezi uliopita zinaweza kuwa na viambato vipya, na pakiti ndogo huenda ilipitia mtambo tofauti na ule wa pakiti kubwa. Onyo kwamba "huenda ikawa na chembe za karanga" katika nchi nyingi huandikwa kwa hiari ya kiwanda. Likiwepo, mwenye mzio wa karanga asipewe. Lisipokuwepo, bado muulize mzazi ni bidhaa zipi amezoea kumpa mwanawe.

Kanuni ya darasa iwe fupi: kisicho na lebo, mtoto mwenye mzio hakili. Keki ya nyumbani ndiyo huleta mabishano. Aliyeioka anaweza kuapa, tena kwa nia njema, kwamba hakutia karanga. Lakini ubao wa kukatia, mwiko, au kisu kilichorudishwa kwenye kopo la jemu baada ya kupaka siagi ya karanga vinatosha kuacha chembe, na kuoka hakuondoi hatari hiyo. Mwombe mzazi alete kisanduku chenye kifuniko na jina la mtoto, kikiwa na vitu anavyokula bila shida na visivyoharibika haraka. Keki ikija bila taarifa, kisanduku kinafunguliwa. Sherehe za kuzaliwa, kwa maoni yetu, ni bora zisiwe na chakula kabisa: mwenye siku yake achague hadithi au mchezo.

Tangazo mlangoni la kukataza karanga halimsaidii mwenye mzio wa yai, na huwafanya watu wazima walegee. Kinachosaidia kila mtoto ni usafi wa mikono na meza. Watoto wote wanawe kwa sabuni na maji kabla na baada ya kula. Sanitaiza huua vijidudu, ila haiondoi protini ya karanga kiganjani. Maji matupu nayo hayatoshi. Futa meza kwa sabuni na kitambaa safi, si kile kilichopangusa maziwa yaliyomwagika dakika tano zilizopita. Chakula cha mwenye mzio kiandaliwe kwanza, kabla pakiti nyingine hazijafunguliwa. Hakuna kubadilishana vyakula wala kuchangia chupa za maji. Usimtenge mezani peke yake. Mkalishe pembeni mwa meza, karibu na wenzake ambao vitafunio vyao siku hiyo havina kinachomdhuru.

Kagua na kabati la michezo. Unga wa kuchezea mara nyingi una ngano, na makasha ya mayai huweza kuwa na mabaki ya yai.

Mtoto mdogo hasemi "nimepata mzio". Husema ulimi unamchoma au kuna kitu kimekwama kooni. Mwingine huvuta ulimi, sauti hukwaruza, au hunyamaza na kulegea ghafla. Akihema kwa shida, akivimba ulimi, akizimia, au upele ukiambatana na kutapika, mchome mara moja sindano yake ya adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali. Dawa ya kuzuia mwasho haifungui koo. Kandamiza sindano kwenye paja upande wa nje, hata juu ya nguo, na uishikilie kwa sekunde zilizoandikwa kwenye kifaa, aghalabu 3 hadi 10. Kisha ita gari la wagonjwa. Mlaze na kumwinua miguu. Akihema kwa shida akae, akitapika alale ubavu. Asisimamishwe wala kutembezwa. Asipopata nafuu baada ya dakika 5 hadi 15, dozi ya pili hutolewa. Hata akipata nafuu apelekwe hospitali, kwani dalili huweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Sindano isifungiwe kwa kufuli, isiwekwe kwenye friji wala juani. Kila mwezi angalia tarehe ya mwisho na rangi ya dawa. Ikigeuka kahawia, ibadilishwe. Mpango wa dharura wenye picha ya mtoto ubandikwe ndani ya mlango wa kabati ambamo sindano imewekwa, na mwalimu wa kushikilia zamu aonyeshwe mahali hapo kabla ya kengele ya kwanza.