Kufika Kazini na Nguo Zilizonyooka: kwa Wapandao Vespa na Pikipiki Unguja

Nguo ya kazi haichafuki yote kwa mara moja. Ukivua shati jeupe jioni, baada ya kutoka Fuoni hadi Vuga na kurudi, kisha ukalitazama vizuri kwenye mwanga, utaona kwamba sehemu kubwa ya shati hilo bado ni safi, na kwamba uchafu na mikunjo vimejikusanya palepale pa jana na juzi: ukosini kwa ajili ya jasho na mkanda wa helmeti, mgongoni kwa ajili ya begi, na kiunoni pale lilipovutika ulipoinama kushika usukani. Suruali nayo ina mahali pake, yaani makalio, nyuma ya magoti na pindo la mguu mmoja. Anayepajua mahali hapo hana haja ya kuuogopa mwendo mzima. Kazi yake ni kupalinda.

Tuanze na chombo chenyewe, kwa sababu nusu ya kazi huisha hapo. Makarani na walimu wengi wa Unguja wameipenda vespa kwa miaka mingi, na wana haki. Kampuni ya Piaggio ilipoitoa huko Italia mwaka 1946, aliyeibuni, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa vyombo vya angani ambaye hakuzipenda pikipiki, na uchafu wake ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyomkera. Kwa hivyo akaificha injini ndani ya bodi, akalifanya gurudumu la nyuma lisukumwe na injini moja kwa moja bila ya mnyororo, akaweka bati pana mbele ya miguu ili matope yasimrukie mpandaji, na gia akaipeleka mkononi. Kwa maneno mengine, ni chombo kilichobuniwa tangu mwanzo kwa mtu aliyevaa nguo za kazi. Skuta za siku hizi zisizo na gia zimerithi sehemu kubwa ya hisani hiyo.

Pikipiki ya kawaida haina hisani hiyo, na mwenye nayo lazima ajifanyie mwenyewe. Mnyororo usio na kava hurusha mafuta meusi kwenye pindo la suruali, na hurusha zaidi asubuhi ile uliyoutia oili ukaondoka hapohapo. Utie oili jioni, uzungushe gurudumu kwa mkono, upanguse ziada kwa kitambaa kikuukuu, kisha uuache ulale. Bomba la moshi, ambalo kwa pikipiki nyingi liko upande wa kulia, huyeyusha suruali ya poliesta kwa kugusa mara moja tu, na tundu la namna hiyo halina fundi wa kulirudisha. Kuna pia gia ya mguuni: pale inapopandishwa kwa kuinuliwa na ncha ya kiatu cha kushoto, ngozi ya kiatu hicho huchubuka juu ya vidole, ndiyo maana ofisini hukosi kumwona mtu ambaye kiatu chake cha kulia kinang'aa na cha kushoto kimepauka. Dawa ni rahisi mno kiasi kwamba watu huidharau: viatu vya ofisi vikae ofisini, chini ya meza, na njiani mtu avae raba zilizofungwa kamba. Kandambili na makubadhi havimfai anayeendesha, hata kama anakwenda karibu.

Kiti nacho kina mambo yake. Kiti kilichochanika hunywa mvua na umande wa usiku, kikakauka juu asubuhi, kisha kikakutolea maji yote pale unapokikalia. Niliwahi kuingia kikaoni nikiwa na duara la maji nyuma ya suruali ya kijivu, nikasubiri wenzangu wote watoke kabla sijanyanyuka, nikijifanya bado ninaandika. Tangu siku hiyo nimekishonesha kiti changu upya, na kila asubuhi nakipangusa mara mbili, kwanza kwa kitambaa kibichi ili kuondoa vumbi, kisha kwa kikavu.

Sasa nguo. Kitambaa cha pamba tupu hupitisha hewa lakini hukunjika upesi. Poliesta tupu haikunjiki lakini hukupika, hasa wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, ambapo jasho huanza kabla hujafunga vifungo. Mchanganyiko wa hivyo viwili, ambao wauza nguo wengi wanauita tetroni, ndio unaomfaa zaidi mpandaji. Kitani kiache kabisa. Ni kitambaa kizuri cha kukalia kibarazani. Kuhusu rangi, wengi hudhani nyeusi ndiyo inayoficha uchafu, ilhali vumbi jekundu la njia za ndani huonekana juu ya suruali nyeusi kama unga juu ya sahani. Kijivu cha kati na rangi ya kaki husamehe zaidi.

Pasi ipigwe usiku, na nguo itundikwe kwenye henga mpaka ipoe kabisa. Nguo ikivaliwa ikiwa bado na joto la pasi hushika mkunjo wowote itakaoupata, ndiyo maana anayepiga pasi saa kumi na mbili na nusu akarukia vespa dakika kumi baadaye hufika amekunjika kuliko ambaye hakupiga pasi kabisa. Kupiga pasi usiku kuna faida nyingine, nayo ni kwamba umeme ukikatika bado una muda wa kutafuta pasi ya mkaa. Waliokuwapo Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilipokaa takriban miezi mitatu bila ya umeme, hawahitaji kuelezwa kwa nini pasi hiyo haitupwi. Anayependa kufukiza nguo kwa udi azifukize baada ya kuzipiga pasi, zikiwa zimetundikwa mbali kidogo na chetezo, kwa kuwa cheche ndogo inatosha kuliharibu shati.

Suala gumu ni hili: shati la ofisi livaliwe njiani au libebwe? Mimi nasema libebwe. Anayetoka Fuoni, Tunguu au popote upande wa mashariki kuja mjini huwa na jua mgongoni asubuhi, na anaporudi alasiri jua limeshahamia magharibi, kwa hivyo humchoma mgongo uleule tena. Juu ya mgongo huo ukiweka begi zito, hakuna shati litakalonusurika. Vaa fulana nyepesi na koti jembamba la kuzuia upepo, na shati lifungwe vifungo vyote, lilazwe kifudifudi, mikono irudishwe nyuma, kisha likunjwe mara mbili tu juu ya kipande cha kadibodi chenye upana wa kifua. Koti la suti hukunjwa kwa namna yake: bega moja hugeuzwa ndani nje na jingine likaingizwa humo, ili bitana ndiyo itazame nje, kisha likunjwe mara moja kwa urefu. Suruali unaweza kuivaa njiani, mradi pindo lake ulikunje na kulifunga kwa mkanda mdogo wa mpira juu ya kifundo cha mguu.

Begi lisikae mgongoni. Liweke kwenye keria ukilifunga kwa mpira wenye ndoano, au kwenye ndoano iliyo mbele ya kiti cha vespa. Kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar tangu mwaka 2006, nguo zilizomo zifungwe ndani ya mfuko wa turubai jepesi, ambao fundi wa turubai anaweza kukushonea kwa kipimo cha kadibodi yako.

Siku ya Ijumaa mambo hubadilika, kwani wengi huja kazini na kanzu. Kanzu inayoachwa ikipepea ni hatari kabla haijawa uchafu: pindo likishikwa na mnyororo au gurudumu, mwenyewe huenda chini nalo. Anayelazimika kuivaa njiani aipandishe hadi juu ya magoti, aikalie, na ndani avae suruali nyepesi. Bora zaidi ni kuibeba, kwa sababu kanzu nyeupe iliyopigwa wanga ikikaliwa nusu saa hupata mikunjo ya makalio ambayo haiondoki hadi Isha. Kofia ya kazi ya mkono nayo haiwezi kukaa chini ya helmeti, wala isitiwe begini ikabanwa na vitabu. Itie ndani ya bakuli la plastiki lenye mfuniko, huku umeijaza kitambaa laini ili umbo lake lisibonyee. Watu watakucheka kwa kubeba bakuli kama mwenye kwenda na chakula cha mchana, lakini kofia itafika mviringo.

Kwa wanawake, buibui kwa hakika ndilo koti bora la njia kuliko makoti yote yanayouzwa, kwa kuwa hulifunika gauni la kazi kuanzia shingoni hadi miguuni, na likipata vumbi hukung'utwa tu likatundikwa. Linalotakiwa ni kulidhibiti. Anayeendesha alikusanye pindo mbele, alikalie pande zote mbili, na ndani avae suruali. Abiria wa nyuma ndiye aliye hatarini zaidi, hasa anayekaa upande, kwa sababu pindo lake huning'inia karibu na tairi. Alikunje mapajani na kulishikilia kwa mkono mmoja tangu mwanzo wa safari hadi mwisho. Mtandio wa kazini ubebwe, na njiani uvaliwe ushungi mfupi wa pamba uliobanwa kwa pini chini ya helmeti, ncha zake zikiwa ndani ya nguo.

Helmeti yenyewe husahauliwa. Sifongo ya ndani hunyonya jasho na mafuta ya nywele, kisha huyarudisha kwenye paji la uso na ukosi kila siku. Ikiwa inatoka, ifue kila wiki kwa sabuni ya kipande. Ikiwa haitoki, vaa kikofia chembamba cha pamba ndani yake na ufue hicho.

Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, usitegemee koti la mvua la kipande kimoja linalovaliwa kama hema, kwani hujaa upepo na maji huingia kwa chini. Nunua la vipande viwili, koti na suruali yake, lenye mikono ya mpira viganjani. Hakikisha madigadi ya mbele na ya nyuma hayajakatika, kwa maana maji yanayoharibu nguo aghalabu si ya mawinguni bali ni ya matairi, lako na la daladala iliyo mbele. Kwa hivyo usiifuate kwa karibu. Usifuate kwa karibu hata vespa kongwe inayotoa moshi mzito wa oili iliyochanganywa na petroli, kwani harufu ya moshi huo hukaa kwenye kitambaa hadi saa sita.

Fika robo saa kabla ya wakati. Usivae shati ukiwa bado unatoka jasho. Nawa uso, shingo na mikono hadi kwenye viwiko, kaa penye upepo dakika tano, kisha ndiyo ubadilishe.

Doa likitokea pamoja na tahadhari zote hizo, namna yake ndiyo huamua dawa. Tope liache likauke, kisha ulipige brashi, kwani ukilisugua likiwa bichi utalipeleka ndani ya uzi. Mafuta ya mnyororo yasiguswe na maji: nyunyiza poda, iache inyonye, ikung'ute, halafu upake sabuni ya kuoshea vyombo na ufue jioni. Ukosi uliogeuka manjano kwa jasho usugue kwa sabuni ya kipande kabla ya kuloweka, wala usiutie dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, kwa sababu klorini ikikutana na jasho huzidisha umanjano.