Corolla 110 inachemsha? Rudisha themostati, feni na kulanti mahali pake

Fungua boneti ya Corolla 110 iliyopita mikononi mwa mafundi watatu wanne, na mara nyingi utakuta mambo matatu: themostati (vali inayofunguka kwa joto) imetolewa, feni imeungwa dairekti izunguke muda wote, na ndani ya rejeta kuna maji ya bomba yenye rangi ya chai. Yote yalifanywa siku gari lilipochemsha, ili mwenye gari aondoke. Kuyarudisha ni kazi ya asubuhi moja nyumbani. Maelezo haya ni ya injini za 5A na 4A, yaani AE110 na AE111.

Kwanza tumalizane na hoja ya "nchi yetu ni ya joto, themostati ya nini?" Kwenye injini hizi themostati imekaa upande ambao maji yanaingilia, mwisho wa mpira wa chini wa rejeta. Inapofunguka kuruhusu maji ya rejeta, kisahani chake cha nyuma kinaziba njia ya mkato ambayo maji ya moto hupitia kuzunguka ndani ya injini. Ukiitoa, mkato unabaki wazi daima, na sehemu ya maji inazunguka bila kuiona rejeta. Ndiyo maana gari lisilo na themostati linaweza kwenda vizuri mjini, kisha likachemsha likipanda Kitonga na mzigo. Na asubuhi ya baridi kule Njombe injini haifiki joto lake, kompyuta inaendelea kuongeza petroli, sailensi (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inabaki juu, na mwenye gari analalamika kwamba 110 inakunywa mafuta.

Hatua ya 1: Hakikisha kama ipo. Washa injini ikiwa baridi kabisa, shika rejeta. Themostati nzima huiacha rejeta baridi kwa dakika kadhaa, kisha joto linakuja kwa mara moja. Kama rejeta inapata uvuguvugu pole pole tangu mwanzo, ama themostati haipo ama imekwama wazi. Angalia usishike mapanga ya feni.

Hatua ya 2: Mwaga maji. Subiri injini ipoe. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa. Fungua koki ya chini, kinga kwenye beseni, kisha pitisha maji safi hadi yatoke meupe. Ulichokinga kama kina kulanti (dawa ya kupozea injini), usikiweke kwenye chupa ya soda. Ni sumu na ina ladha tamu. Mtoto au mbwa hatajua tofauti.

Hatua ya 3: Pima themostati mpya kabla ya kuifunga. Madukani kuna nyingi ambazo hazifunguki kabisa, kwa hiyo hatua hii usiiruke. Tafuta iliyochapwa 82. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini, halafu pasha. Ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na ikikaribia 95 iwe imeachia kama milimita 8. Walio Mbeya au Nairobi wasisubiri 100: kwa mwinuko ule maji huchemka karibu na 94 au 95. Ikipoa lazima ijifunge yenyewe.

Hatua ya 4: Ifunge. Fuata mpira wa chini hadi unapoingia kwenye injini, fungua nati mbili kwa spana namba 10. Kwangua silikoni yote ya zamani. Themostati huvaa mpira wake wa duara pembeni, na mpira huo unatosha. Silikoni ikizidi vipande vyake huishia kwenye rejeta. Kile kitundu chenye kijipini kinachochezacheza kielekee juu, ndiko hewa inakotokea. Kaza kwa upole, kama Nm 9 hivi. Stadi (bolti zinazoshika nati hizo) zikikatika pale, asubuhi yako imekuwa wiki.

Hatua ya 5: Ondoa dairekti ya feni. Rudisha waya kwenye relei (swichi ya umeme inayowasha feni) na fyuzi zake. Kupima ni rahisi: swichi ya joto ya gari hili hufunga umeme ikiwa baridi na kuukata ikipata moto. Hivyo, ufunguo ukiwa kwenye ON, chomoa soketi ya swichi hiyo ya joto na feni inapaswa kuzunguka. Ikizunguka, mota na relei ni wazima, wa kushukiwa ni swichi ya joto. Isipozunguka, anza na fyuzi.

Hatua ya 6: Jaza na utoe hewa. Mfumo unachukua kama lita 5 hadi 6. Changanya kulanti nusu kwa nusu na maji ya distili (siyo asidi ya betri, wauzaji wengine huchanganya majina) au ya mvua yaliyokingwa safi. Maji ya chumvi, kama ya visima vingi vya Dodoma, yaacheni kabisa. Egesha pua ya gari ikiwa juu, weka hita kwenye moto, washa ukiwa umeacha kifuniko wazi, na minyaminya mpira wa juu. Mapovu yakiisha na feni ikiwaka yenyewe, jazia, funga. Kifuniko kiwe na raba nzima na namba 0.9, mgandamizo huo ndio unaozuia maji kuchemka hadi karibu nyuzi 120.

Hatua ya 7: Endesha. Asubuhi yake, injini ikiwa baridi, angalia tena rejeta na tenki dogo, uongeze kilichopungua. Sindano ikipanda kwenye foleni lakini ikishuka ukitembea, rudi kwenye feni. Ikipanda kwenye mwendo au mlima, huenda rejeta imeziba. Ipeleke kwa fundi wa rejeta. Na mapovu yasiyokwisha, huku mpira wa juu ukiwa mgumu mara tu baada ya kuwasha, ni gasketi ya silinda hedi, hapo gari lisiwashwe tena mpaka hedi ishushwe.