Kusoma kodi (namba za hitilafu) za Toyota ya zamani bila mashine

Una Corolla ya miaka ya 90 na taa ya cheki injini imewaka, usikimbilie kulipia mashine. Fungua boneti utafute kiboksi kidogo kimeandikwa DIAGNOSIS, ramani ya matundu iko ndani ya mfuniko. Unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, hayo mawili tu jamani, ukikosea tundu unaweza ukaunguza kitu.

Swichi ON ila usiwashe gari, hesabu taa inavyopepesa: mbili, inatulia, mbili tena, hiyo ni kodi 22, shida ya sensa ya joto la maji, sasa kabla hujanunua mpya chomoa soketi yake uangalie, ikiwa na kutu ya kijani safisha kwanza. Ikipepesa mfululizo hakuna kodi.

Ukimaliza zima swichi, chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI kama nusu dakika, kodi inafutika.