Pointi zako za akiba: zihesabu kabla mwaka wako haujafungwa

Nafanya kazi katika ofisi ya kumbukumbu za askari kwenye kikosi kimoja cha Jeshi la Akiba la Anga la Marekani. Wikendi za mafunzo, vijana wetu wa Kenya na Tanzania hunijia na swali lile lile: "Dada, pensheni yangu inaendaje?" Nami huwauliza kwanza mwaka wao unafungwa lini. Wengi hawajui, na hapo ndipo pa kuanzia.

Mwaka wako wa pensheni hauanzi Januari, wala 1 Oktoba kama mwaka wa fedha wa serikali. Unafuata tarehe uliyoingia. Kama uliapa 18 Mei, unafungwa 17 Mei, na ndani yake upate angalau pointi 50, yaani alama za utumishi zinazohesabiwa kwa ajili ya pensheni, ndipo uhesabike. Ukifikisha miaka 20 ya namna hiyo umepata haki ya pensheni, ambayo kwa kawaida hulipwa kuanzia umri wa miaka 60.

Pointi 15 unapewa kwa kuwa mwanachama tu. Wikendi moja ya mafunzo ina vipindi 4 vya saa nne nne, kila kipindi pointi 1. Siku ya kazi ya muda wote nayo ni pointi 1.

Kijana mmoja alikwenda kumzika baba yake, akakaa nyumbani, wikendi nyingi zikampita. Tulipokaa na kalamu: wikendi 5, pointi 20, kazi ya muda wote ya kila mwaka siku 14, pointi 14, na zile 15 za uanachama. Jumla 49! Pointi hizo zingeingia kwenye hesabu ya malipo, lakini mwaka wenyewe usingekuwemo katika ile 20. Bahati nzuri mwaka ulikuwa haujafungwa. Mkuu wake alimwidhinishia kipindi kimoja bila malipo kwenye Fomu 40A, inayorekodi mafunzo ya askari mmoja mmoja, akafanya kazi saa zake nne, akafika 50. Angekuja baada ya tarehe kupita, nisingekuwa na la kumsaidia.

Kwa hiyo, miezi mitatu kabla ya kufunga, fungua muhtasari wako wa pointi, uulinganishe na faili lako la nyumbani: amri zote za kazi, Fomu 40A zilizosainiwa, hati za malipo. Ukitumikia kazi ya muda wote siku 90 mfululizo au zaidi, usiondoke bila DD 214, hati inayothibitisha utumishi huo. Pointi ikikosekana, peleka ushahidi ARPC, kituo cha kumbukumbu zetu kilichoko Buckley, Colorado. Usingoje mpaka aliyekusainia amehama.

Siku hiyo hiyo angalia fomu ya dharura, DD 93, na bima ya maisha, SGLI, inayofika dola 500,000. Bima humfuata aliyeandikwa, hata kama wosia wako unasema vingine. Kama mrithi ni mama yako kijijini, andika jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho, na namba ya simu inayopatikana.

Ukitimiza miaka 20 utapata barua ya kuthibitisha haki yako. Isome na mwenzi wako, kwa sababu mna siku 90 za kuamua, kwenye fomu DD 2656-5, nani ataendelea kulipwa ukifariki. Kisha kumbuka kwamba pensheni haianzi yenyewe. Ukikaribia umri wa kulipwa, lazima uiombe.