Kuwinda kulungu kwa bunduki ya wenzo na vichwa vya risasi ulivyomimina mwenyewe

Mwongozo huu ni wa misitu ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, ambako kulungu wa mkia mweupe huonekana kwa sekunde chache tu kati ya miti, mara nyingi ndani ya mita 80. Kwa umbali huo, bunduki ya wenzo, yaani inayopakia risasi inayofuata kwa kushusha na kupandisha mkono ulio chini yake, yenye risasi za ukubwa wa .30-30, kama Winchester 1894 au Marlin 336, inatosha kabisa. Anza na sheria za mahali ulipo: Kenya imepiga marufuku uwindaji tangu 1977, na California hairuhusu kuwinda kwa madini ya risasi (lead) tangu Julai 2019.

Humu nikisema kichwa, ni kile kinachoruka. Ganda ni shaba inayobaki.

1. Pima mtutu

Hatua hii ndiyo inayoamua mengine yote. Kichwa kikiwa chembamba kuliko mtutu, gesi ya moto hupenya ubavuni, madini huganda ndani ya mtutu na shabaha hutawanyika. Hakikisha bunduki haina kitu, paka mtutu mafuta, kisha sukuma ndani yake kipande cha madini laini kilicho kinene kidogo kuuzidi. Kikitokea upande wa pili, kipime kwa maikromita palipo panene. Ukipata inchi 0.308, vichwa vyako viwe 0.309 au 0.310. Usiamini namba iliyoandikwa kwenye katalogi. Mitutu ya zamani hutofautiana sana.

2. Chagua kalibu

Kalibu itoe kichwa chenye pua bapa. Kwenye bunduki hizi risasi hupangwa kwenye bomba lililo chini ya mtutu, pua ya moja ikigusa fataki (kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) ya iliyo mbele. Pua iliyochongoka inaweza kulipua fataki hiyo bunduki inaporudi nyuma. Kalibu ya Lyman 311041 ni ya siku nyingi kwa .30-30: pua bapa, uzito wa karibu greni 170, yaani gramu 11.

3. Changanya madini

Wengi hufikiri kichwa kigumu ndicho bora. Kwa kulungu sikubaliani nao. Kichwa kigumu mno hupita kama msumari au huvunjika kikigonga mfupa, wakati kilaini kiasi hupanuka na kubaki kimoja. Madini matupu ya risasi yana ugumu wa takriban 5 kwa kipimo cha Brinell. Vyuma vya zamani vya kusawazisha magurudumu hufika karibu 12. Mimi huchanganya nusu kwa nusu, kisha naongeza bati kama asilimia 2 ili madini yajaze kalibu vizuri. Jihadhari na vyuma vya zinki vilivyochanganyika na hivyo vya magurudumu: huyeyuka kwenye nyuzi 419 za Selsiasi, wakati madini ya risasi huyeyuka kwenye 327, kwa hiyo viopoe vikiwa bado vinaelea.

4. Mimina

Fanyia kazi hii nje au penye upepo wa kutosha, mbali na watoto. Vaa miwani, glavu za ngozi na viatu vilivyofunika mguu. Tone moja la maji likiingia kwenye sufuria hugeuka mvuke ghafla na kurusha madini ya moto usoni. Usile wala kuvuta sigara hapo, na sufuria hiyo isirudi jikoni kamwe.

Pasha hadi nyuzi 370 hivi, tia kipande cha nta ya nyuki, koroga, toa takataka za juu. Vichwa vya kwanza vitatoka na makunyanzi kwa sababu kalibu bado ni baridi. Virudishe kwenye sufuria. Vikitoka na weupe kama umande ulioganda, joto limezidi kidogo. Kagua kitako cha kila kimoja: kingo zisiponyooka, kataa.

5. Vesha kikombe na grisi

Kitako huvishwa kikombe chembamba cha shaba kinachozuia gesi, kisha kichwa hupitishwa kwenye kifaa cha kukipa unene uliopima, na mifereo yake hujazwa grisi. Kikombe hiki ndicho kinachowezesha mwendo wa mita 550 kwa sekunde bila kuchafua mtutu.

Kiasi cha baruti usikipate kwa rafiki. Kichukue kwenye kitabu cha vipimo kinachotaja uzito huo wa kichwa cha kumimina, na uanzie kiwango cha chini. Bana mdomo wa ganda kwenye mfereo wake, la sivyo springi ya bomba itakirudisha kichwa ndani.

6. Porini

Rekebisha shabaha kwa mita 75, na usiibadilishe tena. Subiri kulungu asimame ubavu, lenga nyuma ya bega, theluthi moja ya mwili kutoka chini: hapo pana moyo na mapafu. Akikutazama uso kwa uso, mwache.

Ukishapiga, tulia nusu saa. Damu ya waridi yenye povu ni mapafu, hatafika mbali. Damu nyeusi ni ini. Mpe saa kadhaa. Ukiona majimaji ya kijani yenye harufu, umepiga tumbo: ondoka kimya, urudi ukishapita muda wa saa nane au zaidi, maana ukimfukuza mapema atakimbia hadi umpoteze.

Unapochuna, kata kwa ukarimu nyama yote iliyozunguka jeraha na uitupe, maana huenda ina chembe za madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kama nyumbani kuna watoto au mama mjamzito.