Kabla hujapanda maua ya kutambaa Dodoma

Wanaohamia Dodoma kutoka Dar es Salaam au Tanga huuliza kwanza habari ya baridi. Mtu kaja na vipandikizi vya alamanda kwenye basi, asubuhi moja ya Julai anavaa sweta, basi anajua maua yake yamekwisha. Kipupwe chetu hakiui. Usiku joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14 hivi, sakitu, yaani umande ulioganda, hatuna. Mmea unasimama kukua, majani yanapauka kidogo, na joto likirudi unachipua. Kinachoua ni upepo mkavu na miezi saba bila mvua.

Kwa hiyo anza na hesabu ya maji. Mvua ya hapa ni kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Ukipanda Mei umejitwisha ndoo mpaka mwaka uishe. Najua, maana alamanda zangu tatu za kwanza nilizipanda Mei, na Agosti nikang'oa vijiti. Chimba shimo Oktoba au Novemba, futi mbili kwenda chini na mbili upana, changanya udongo na samadi iliyooza kabisa, kisha subiri. Mvua ikishalowanisha ardhi ndipo upande, mizizi ipate miezi minne ya kushuka kabla ya kiangazi.

Kama unategemea kisima, onja maji yake. Visima vingi vya huku vina chumvi, nayo huunguza ncha za majani, hasa kwa anayemwagilia kikombe kikombe kila siku: maji yanakauka, chumvi inabaki juu. Heri umwagilie kwa wingi mara moja au mbili kwa wiki, maji yazame. Tandaza mabua au nyasi kavu kuzunguka shina, ila yasiliguse. Mchwa wa Dodoma hawahitaji mwaliko.

Sasa mmea wenyewe. Kwa anayeanza mimi husema bogenvilia, na sioni aibu kwamba kila geti la Area C na Kisasa linayo. Asili yake ni Amerika Kusini, inavumilia jua, ukame na hata chumvi kidogo. Ile rangi tunayoiita ua ni majani yaliyogeuka. Ua lenyewe ni kile kidogo cheupe katikati. Ukiihurumia kwa maji mengi inakulipa majani matupu. Mizizi yake ni myepesi kukatika, kwa hiyo chana kiriba (mfuko wa plastiki wa mche) taratibu na usivunje donge la udongo.

Alamanda ya njano inawezekana, lakini itafutie ukuta unaoikinga na upepo wa kusini-mashariki na jua la alasiri. Utomvu wake ni sumu, usiipande wanapochezea watoto. Ipo pia tunbajia ya rangi ya chungwa yenye jicho jeusi, ambayo ni ya kwetu Afrika Mashariki: inaota kwa mbegu na inapanda haraka. Wengi huiona pori tu.

Egemeo lijengwe kabla ya mche kuingia shimoni, si baadaye ukiwa unapigana na miiba. Nguzo ya mti isiyotiwa dawa italiwa na mchwa. Bomba la chuma lililosimikwa kwa zege linagharimu zaidi lakini unalisimika mara moja. Ukitaka kuona kazi hii ikifanywa kwa ukubwa, tembelea mashamba ya zabibu ya Hombolo au Mpunguzi, uangalie nguzo na waya zilivyokazwa. Waya wako uachie nafasi ya sentimita 10 kutoka ukutani, hewa ipite. Tunbajia itajizungusha yenyewe, lakini bogenvilia haina mkono wa kushikia. Ni wewe wa kuifunga, kwa kamba laini, na kuipogolea isifike kwenye bati na mabomba ya tangi.

Uliyepanga, zungumza na mwenye nyumba kabla ya kutoboa ukuta wake. Akikataa, chukua ndoo ya lita 20, itoboe chini, panda humo. Bogenvilia haichukii kubanwa mizizi, na siku ya kuhama mnaondoka wote.