SOMO: Kiti cha simuleta (mashine ya kuigiza kuruka kwa ndege) kwa mota mbili za waipa, na kwa nini unahisi unaruka ukiwa umekaa palepale

Wakuu habari. Tangu niweke picha za kiti changu, kila siku naulizwa swali moja: kiti kinainama nyuzi 10 tu, mtu anahisije kwamba anapaa? Naandika mara moja hapa. Mwenye swali asome mpaka mwisho kwanza.

Kabla hujashika grainda, elewa hili. Mwili hauhisi mwendo, unahisi mwendo ukibadilika. Ukifumba macho ndani ya basi kwenye lami nzuri, huwezi kujua kama ni kilomita 80 kwa saa au 40, mpaka dereva akanyage breki. Ndani ya sikio kuna mifereji mitatu yenye majimaji, kazi yake kuhisi kichwa kikianza kuzunguka. Kuna pia vijiwe vidogo vya chokaa vilivyolalia vinyweleo. Ndege ikichapuka kwenda mbele, vijiwe vinabaki nyuma. Ukilazwa nyuma kidogo, uvutano wa dunia unavipeleka nyuma vilevile, na vyenyewe haviwezi kutofautisha. Nyuzi 10 zinakupa msukumo wa mgongoni karibu asilimia 17 ya uzito wako, na hapo ubongo unasema tunapaa.

Hatua ya 1. Chomelea fremu ya bomba za mraba, pana chini isipinduke.

Hatua ya 2. Kiti cha gari juu ya kros ya propela, kile kiungo cha shafti ya gari. Kinainama pande zote bila kuzunguka.

Hatua ya 3. Mota mbili za waipa za volti 12, za lori ukizipata, nyuma ya kiti kulia na kushoto. Zikisukuma pamoja kiti kinainama mbele. Moja ikipanda na nyingine ikishuka, kinalala ubavu.

Hatua ya 4. Poteshometa (kipimo cha mzunguko) kwenye shafti ya kila mota, ili Arduino, ile kompyuta ndogo inayoendesha mota, ijue mkono wa mota umefika wapi.

Hatua ya 5. Fyuzi kwa kila mota, na swichi kubwa ya kukata umeme mahali ambapo mkono wa aliyekaa unafika. Usiiruke hatua hii.

Hatua ya 6. Skrini ifungwe kwenye fremu ya kiti, iiname pamoja na wewe. Ukiiacha mezani, macho yanaona kabisa kwamba ni kiti kinacholala, na mchezo umekwisha. Kwenye simuleta za mashirika ya ndege chumba kizima kinainama na picha yake.

Hatua ya 7. Kuiambia programu kiti kifanye nini. Hapa niliharibu miezi miwili. Niliagiza kiti kiige ndege: ndege ikilala nyuzi 10 kushoto, kiti nacho kilale nyuzi 10 na kikae hapo mpaka kona iishe. Mpwa wangu alikaa dakika sita akatapika, na mimi nikalaumu mota. Kosa lilikuwa langu. Ndege ikikata kona sawasawa, uzito wa abiria unaendelea kushuka kwenye kalio lake, hata chai kikombeni haiegemei upande. Kiti changu kilikuwa kinamning'iniza mtoto kwenye mkanda, huku picha inamwambia yuko kwenye kona tulivu. Kiti kisiige ndege. Kitoe mwanzo wa tukio tu, mstuko mdogo wa haraka, kisha kirudi katikati polepole bila mtu kujua, kiwe tayari kwa tukio linalofuata.

ONYO: kurudi huko, na kule kuinama kwa ajili ya kupaa, kusizidi nyuzi 3 hivi kwa sekunde. Ukizidisha, ile mifereji mitatu inashtuka na mtu anajua amelazwa. ONYO la pili: anza na nguvu ndogo, robo ya uwezo wa mota, na uongeze siku baada ya siku.

Hatua ya 8. Jaribio la kwanza funga mfuko wa saruji wa kilo 50 kwenye kiti. Asikae mtu.

MASWALI

kipanga_77: Mkuu mota gani zinafaa?
Mwandishi: Hatua ya 3.

kipanga_77: Na ile swichi ni lazima? Mimi naweza kuchomoa waya ukutani.
Mwandishi: Ni lazima. Mota ikigoma kusimama, wewe umefungwa mkanda na ukuta uko mbali. Kama huweki swichi, usijenge.

Nesi wa Zamu: Kaka, nimevutiwa na hayo ya sikio. Kwa hiyo rubani halisi naye anaweza kudanganyika vivyo hivyo?
Mwandishi: Dada, umegusa penyewe. Udhaifu tunaotumia kwenye kiti ndio unaoua watu angani. Usiku, bila taa za chini wala upeo wa macho, rubani akiongeza nguvu ya injini anahisi pua inapanda, kumbe ndege inachapuka tu. Anasukuma usukani mbele. Agosti 2000 ndege ya Gulf Air namba 072 ilikatisha kutua Bahrain usiku ikaishia baharini, na wote 143 walikufa. Uchunguzi ulitaja hisia hiyo ya uongo. Ndiyo maana marubani hufundishwa kuamini vipimo kuliko mwili.

Juma Bomba: Kiti changu kina mota mbili. Zile simuleta kubwa zina nini cha ziada?
Mwandishi: Zina miguu sita inayorefuka na kufupika, kwa hiyo zinasogea pia mbele, pembeni na juu, na zinageuka kulia na kushoto. Kwenye kupaa zinasukuma mbele kwanza, huku zikiinama polepole, na msukumo ukiisha mwinamo umeshapokea kazi. Sisi hatuna ule msukumo. Muundo wa miguu sita ulitumiwa na mhandisi Gough wa kampuni ya matairi ya Dunlop, Uingereza, miaka ya 1950 kwenye mashine ya kupima matairi, na mhandisi Stewart akaupendekeza kwa simuleta mwaka 1965. Kabla yao Edwin Link wa Binghamton, New York, aliinamisha simuleta yake kwa mivukuto ya vinanda kutoka kiwanda cha baba yake.

Nesi wa Zamu: Na asiye na pesa ya mota?
Mwandishi: Ajaze picha mpaka pembeni mwa macho. Umewahi kukaa kwenye basi stendi, basi la jirani likarudi nyuma ukadhani lako linaondoka? Hiyo ni kazi ya macho peke yake. Kisha funga spika ya besi chini ya kiti kwa bolti, upate mtetemo wa injini.

Juma Bomba: Natumia miwani ya VR (yenye skrini ndani, picha inafuata kichwa), picha inayumba kiti kikiinama.
Mwandishi: Miwani inadhani umegeuza kichwa. Tafuta programu ya kuondoa mwendo wa kiti kwenye hesabu ya miwani. Na weka feni ndogo mbele ya uso, kichefuchefu kinapungua sana.